Kidonda chatoa usaha, hospitali yasema "ni kawaida": tuna kesi?

Asalaam aleikum Mama,

Mimi ni mama wa watoto watatu, twakaa Kisauni. Mume wangu ni hamali soko la Kongowea, kazi yake kupakua magunia ya viazi na vitunguu kwenye malori yanayoingia alfajiri. Kazi hiyo ndiyo iliyompa ngiri.

Mei mwaka jana alipasuliwa katika hospitali moja ya kibinafsi huko kisiwani Mombasa. Bima ililipa sehemu, iliyobaki tukachangiwa na watu. Daktari alituambia amemtilia wavu ili ngiri isirudi. Alilala usiku mmoja, akatolewa na dawa za maumivu na karatasi ya tarehe ya kliniki.

Siku za mwanzo alikuwa sawa. Ya tano hivi akaanza kutetemeka usiku, mwili wachoma. Kinena kikavimba, ngozi ikawa yang'aa, na ukiigusa ni moto. Tukarudi. Aliyetupokea ni kijana wa koti jeupe, sijui kama ni daktari au nani. Hakumlaza kitandani wala hakufungua bandeji. Akamwambia, "Mzee, umepasuliwa juzi tu, maumivu ni kawaida," akaandika panado. Baada ya siku mbili tukarudi tena, usaha umeshalowesha bandeji. Nesi akabandika nyingine juu ya ile ile ya zamani. Juu yake, Mama, niliona kwa macho yangu. Tukaambiwa tungoje siku ya kliniki.

Haikufika. Usiku mmoja alianza kuweweseka, akawa aniita kwa jina la dadake marehemu. Jirani mwenye tuktuk akatukimbiza hospitali nyingine, na huko wakampasua usiku ule ule. Wavu ukatolewa, umezungukwa na usaha. Alikaa chumba cha mahututi, kisha wodini karibu mwezi. Daktari wa pale akaniuliza mbona hatukumleta mapema. Nikamwambia tulimpeleka mapema, ila si kwenu.

Sasa ngiri imerudi na gunia hawezi kuliinua. Twaishi kwa mahamri na mbaazi ninazouza asubuhi. Hospitali ya kwanza nayo yatudai 38,000. Wiki iliyopita mtu wa ofisi yao alipiga simu: mume wangu akitia saini karatasi fulani, deni litafutwa na tutapewa 50,000 "za pole". Karatasi ni ya Kiingereza, nimeielewa kidogo tu, lakini yasema hatutakuwa na madai mengine yoyote. Wataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Shemeji yangu ana mtu wake huko mahakamani anayesema atatushughulikia bila pesa, tukishinda achukue nusu. Mavyaa asema ni kadari, kumshtaki daktari ni kukosa shukrani kwa Mungu. Lakini yeye naye alikuwa akimpaka mafuta ya habbasoda kando ya kidonda, na nadhani aogopa itasemwa ni yeye. Mume wangu hasemi lolote.

Je, kesi ipo? Na kwa kuwa mwaka umeshapita, tumechelewa?

Mama wa Watatu, Kisauni

*

Wa aleikum salaam mwanangu, na pole sana, wewe na mwenzio.

Nianze na hiyo karatasi, maana ndiyo yenye haraka. Asitie saini. Hata kama 50,000 zingelipa karo kesho, asitie saini kabla wakili wenu kuisoma. Karatasi ya namna hiyo ikishasainiwa, ndiyo kitu cha kwanza ambacho hospitali itakiweka mbele ya hakimu: huyu alilipwa, akaridhika, akaachilia madai yake yote. Kuitengua baadaye ni kazi ngumu. Wakipiga tena simu, waambieni kwa upole walete toleo lao kwa maandishi, kwa barua yenye nembo yao, nanyi mtajibu. Usigombane nao, wala usieleze mnakusudia nini. Na ujiulize: hospitali inayoamini haikukosa, yafuta deni na kuongeza hela kwa sababu gani? Sisemi huo ni ushahidi wa kosa, hakimu hatauchukua hivyo. Lakini hawakuwapigia simu kwa kuwaonea huruma tu.

Sasa kesi. Nilifanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi kabla sijaanza kusaidia watu na mambo ya sheria, kwa hiyo nitakwambia lile ambalo wengi wanaokuja kwangu hawapendi kulisikia. Kidonda cha upasuaji kuingia vijidudu, peke yake, si uzembe. Hutokea hata kwenye hospitali safi na kwa daktari hodari. Na ile fomu ya idhini aliyoisaini mume wako kabla ya kuingia thieta, bila shaka maambukizi yametajwa humo kuwa ni hatari inayojulikana. Mkienda mahakamani mkalia kwamba "walimwambukiza," mtarudishwa na fomu hiyo hiyo.

Kesi yenu iko kwenye zile safari mbili za kurudi. Hapo ndipo pa kukaza. Maumivu ya upasuaji yanatakiwa kupungua siku hadi siku. Homa ya siku moja mbili baada ya kisu mara nyingi si ya vijidudu, na daktari anaweza kuingoja. Lakini homa inayoanza siku ya tano, pamoja na uvimbe, joto la ngozi na maumivu yanayozidi, hata mwanafunzi wa uuguzi anajua maana yake: fungua bandeji, tazama, bonyeza, pima joto, toa damu, na usaha ukiwepo peleka maabara. Na kwa mtu aliyewekewa wavu tahadhari huwa kubwa zaidi, kwa sababu vijidudu hujibanza kwenye wavu mahali ambapo dawa haziwafikii vizuri. Ndiyo maana wataalamu wanaofuatilia maambukizi ya vidonda vya upasuaji huhesabu hadi siku 30, na palipoachwa kitu mwilini kama huo wavu, hadi siku 90. Kwa hiyo wakiwaambia alitoka kwao kidonda kikiwa kikavu, huenda ni kweli, na haiwasaidii.

Fomu ya idhini ilikubali hatari ya kisu. Haikukubali kurudi na homa ukaangaliwa umesimama. Bandeji juu ya bandeji iliyolowa usaha, mwanangu, miaka yangu yote ya unesi sikufundishwa hiyo.

Mahakama zetu hutumia kipimo kilichotokana na kesi ya Uingereza ya mwaka 1957, ya Bolam: je, daktari wa kawaida mwenye ujuzi wa kazi ile angefanya hivyo? Halafu lipo swali la pili, ambalo ndilo linaloua kesi nyingi: kama wangefanya inavyotakiwa siku ile ya kwanza mliporudi, mambo yangekuwa tofauti? Wavu ungeokoka? Angefika chumba cha mahututi? Hayo hayajibiwi na mimi wala na wakili. Mnahitaji daktari bingwa wa upasuaji asiyehusika na hospitali zote mbili, asome mafaili, aandike maoni yake, na awe tayari kusimama kizimbani. Huyo ndiye gharama kubwa ya mwanzo. Na nikuonye, Mombasa madaktari wanajuana. Huenda mkalazimika kumtafuta wa mbali.

Lakini hana cha kusoma kama hamna faili. Hiyo ndiyo kazi ya wiki hii.

Mume wako aandike barua, yeye mwenyewe na kwa saini yake, kwa sababu mgonjwa ni yeye na siri ya matibabu ni yake. Wewe huwezi kupewa bila idhini yake ya maandishi. Aombe nakala ya kila kitu: maelezo ya upasuaji, fomu ya idhini, chati za joto na mapigo, maandishi ya manesi, na hasa rekodi za zile siku mbili mliporudi, pamoja na jina na cheo cha aliyemhudumia. Watasema faili ni mali ya hospitali. Karatasi ni mali yao, sawa, lakini habari zilizomo zamhusu yeye. Kifungu cha 35 cha Katiba champa haki ya kuzipata, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yampa haki ya kuona taarifa zake binafsi zilizo mikononi mwa mtu mwingine. Ipelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na muiweke. Wakiwazungusha, yuko Kamishna wa Ulinzi wa Data wa kumlalamikia. Barua kama hiyo iende hospitali ya pili pia. Kule ulizeni jambo moja mahususi: usaha uliotoka ulipimwa maabara? Jibu la maabara lenye jina la kijidudu na tarehe, na maelezo ya daktari ya alichokikuta alipofungua, ni nguzo.

Ombeni kabla hamjatoa tishio lolote la kesi. Faili huwa lapatikana upesi zaidi watu wakiwa bado wanasalimiana.

Kisha mfungue droo nyumbani. Ile risiti ya panado uliyoidharau, kama ipo, yaweza kuwa na thamani kuliko maneno yako yote, kwa sababu yaonyesha tarehe, na hata saa, kwamba mlikuwa pale. Wakikana kwamba mlirudi, risiti hiyo itawajibu. Kama mlilipa kwa M-Pesa, chukueni taarifa ya miezi ile. Kama ulipiga picha kidonda, usifute, usiuze simu, na usitegemee nakala ulizowatumia watu kwa WhatsApp. Picha ya asili ndani ya simu ndiyo yenye tarehe yake. Wakili atahitaji kuandaa cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, ili picha ipokelewe. Yule jirani wa tuktuk naye aandike alichokiona usiku ule, akiwa bado akumbuka.

Kuhusu kipato, hamali hana hati ya mshahara, na mawakili wa hospitali watalishikilia hilo. Msiseme "alikuwa apata vizuri." Tafuteni matajiri wa malori waliokuwa wakimlipa, pesa zilizoingia kwenye simu yake kabla ya Mei, kadi ya chama cha sokoni kama anayo. Gharama za hospitali, dawa na nauli zinataka risiti moja moja. Mahakama haikubali makadirio kwenye fungu hilo. Fidia ya maumivu na ulemavu ndiyo hakimu huikadiria mwenyewe, akitazama kesi zilizotangulia.

Mafuta ya mavyaa. Mwambieni wakili siku ya kwanza kabisa. Msiyafiche hata kidogo, kwa sababu hospitali ya pili pengine iliandika kwenye faili kwamba kidonda kilikuwa na mafuta, na jambo lililofichwa likitolewa na upande wa pili huharibu hata yale ya kweli. Likisemwa mapema, uzito wake ni mdogo: yalipakwa kando, na kama mlikwisha kurudi hospitali na homa kabla au baada yake, wajibu wa kufungua bandeji haukuondoka. Huenda hakimu akawakata asilimia fulani, huenda asiwakate. Mavyaa mwambie kwa adabu kwamba hakuna anayemtafuta yeye. Na hilo la kadari usibishane nalo. Watu hudai fidia ya ajali za barabarani kila siku hapa Mombasa na hakuna anayewaambia wamekufuru.

Hamjachelewa, ila msilale. Madai ya uzembe dhidi ya hospitali ya kibinafsi yana miaka 3 chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, na muihesabu tangu zile siku za Mei, si tangu alipotoka hospitali ya pili. Atatokea mtu awaambie mna miaka 6 kwa kuwa mlilipa na huo ni mkataba. Msiufanye huo mto wa kulalia. Na kwa msomaji mwingine ambaye mgonjwa wake alitibiwa hospitali ya serikali: sheria ya kuishtaki serikali yatoa miezi 12 tu kwa madai ya aina hii, kwa hiyo muone wakili sasa hivi, usingoje faili.

Watu wengi huchanganya milango miwili. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lile tunaloliita KMPDC, hushughulikia nidhamu ya daktari na leseni ya hospitali. Laweza kuonya, kusimamisha, hata kufuta leseni. Kama kijana yule wa koti jeupe alikuwa klinikal ofisa, yaani mtabibu asiye daktari kamili, wao wana baraza lao, na manesi wana lao. Kupeleka malalamiko huko kuna faida: hospitali hulazimika kujibu kwa maandishi, na majibu yale wakili wako atayasoma kwa makini sana. Lakini baraza si mahali pa kutegemea fidia, na kesi yako ikiwa huko, miaka mitatu ya mahakama haisimami kukungoja. Nimeona watu waliongoja uamuzi wa baraza hadi mlango wa mahakama ukafungwa. Pelekeni malalamiko, na huku wakili anaendelea na barua ya madai kwa hospitali. Mara nyingi anayejibu barua hiyo ni kampuni ya bima ya hospitali, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli ya fedha huanza. Yasipofika kwenye mapatano, kesi hufunguliwa. Hakimu mkuu ana uwezo wa kusikiliza madai hadi shilingi milioni 20, kwa hiyo si lazima muende Mahakama Kuu. Mahakama nayo yaweza kuwapeleka kwa msuluhishi kabla ya kusikilizwa, na kwa hali yenu mimi ningelikubali hilo, maana kesi hizi huchukua miaka na mahamri hayangoji.

Huyo mtu wa shemeji, achaneni naye. Wakili wa Kenya haruhusiwi kufanya mapatano ya kulipwa tu pale mtakaposhinda. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili chayafanya mapatano hayo kuwa batili. Anayekuahidi nusu kwa nusu, ama si wakili, ama ni wakili asiyejali sheria yake mwenyewe. Jina la wakili yeyote laweza kutazamwa kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya muone kama ana leseni ya mwaka huu. Kwa uwezo wenu, anzieni Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria lenye ofisi hapa Mombasa, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mkifungua kesi na ada ikawashinda, ipo njia ya kuomba kushtaki kama maskini, Agizo la 33 la Kanuni za Mashauri ya Madai. Lakini mjue pia kwamba anayeshindwa kwa kawaida hubebeshwa gharama za mwenzake. Ndiyo maana nasema maoni ya bingwa yaje kwanza. Akisoma faili akasema hakuna kesi, mwamini, hata ikiuma.

Na msiandike jina la daktari au hospitali Facebook. Mtajikuta nyinyi ndio mnaoshtakiwa, kwa kuchafua jina.

La mwisho ni mume wako. Mwenye kesi ni yeye. Ni yeye atakayesimama kizimbani akaulizwa habari za kinena chake mbele ya watu, na huenda hilo ndilo limemfunga mdomo, si kadari. Zungumza naye mkiwa wawili, mavyaa na shemeji wasiwepo. Akikataa, basi, usimsukume; unaweza bado kupigania lile deni la 38,000. Akikubali, jambo la kwanza si wakili wala barua, ni kumuona daktari kwa hiyo ngiri iliyorudi. Ikivimba ghafla ikawa ngumu, hairudi ndani, anatapika, hiyo ni ya kukimbiza hospitali saa ile ile. Na ripoti ya daktari ya hali aliyo nayo sasa mtaihitaji hata hivyo.

Wakishawajibu ile barua ya faili, au wakikaa kimya, niandikie tena.